Tulipu za zambarau zinataka jua nyuma yake

Mwaka wa kwanza nilipanda vitunguu 30 (vya kuoteshea maua, si vile vya jikoni) vya Queen of Night, aina ya ua la tulipu lenye zambarau iliyokoza hadi kukaribia weusi, kwenye tuta la kando ya ukuta. Vyote vilichanua, ila ukisimama hatua tano huoni kitu. Maua yalimezwa na udongo mtupu. Niliumia, maana nilikuwa nimeyangoja tangu Novemba.

Jioni moja nilikuwa nimechuchumaa upande wa pili nikipalilia, jua limeshuka mbele yangu. Nikainua macho: ua lile lile lililofanana na kaa la mkaa limekuwa rangi ya divai, kingo za petali zinang'aa, mishipa myembamba inaonekana mmoja mmoja. Magugu niliyasahau.

Tangu siku hiyo nazipanda mahali ambapo, nikitoka mlangoni jioni, jua liko nyuma yake. Nimezichanganya na Negrita, tulipu ya zambarau iliyochangamka zaidi na inayotangulia kuchanua, na chini yake nimeotesha vijiua vya buluu vya usinisahau ili udongo usionekane. Zambarau ikipata buluu miguuni, hapo ndipo inapojitokeza.

Kwenye kupanda sina haraka. Nasubiri udongo upoe sawasawa, kwa sababu ukungu unaobabua majani ya tulipu hupungua kukiwa na baridi. Nachimba sentimita 15 hadi 20, ncha ya kitunguu ikitazama juu. Udongo wangu ni mfinyanzi mzito, kwa hiyo nauchanganya na changarawe. Maji yakituama tu, vitunguu vinaoza. Na tulipu lazima ipigwe na baridi kwa wiki nyingi, la sivyo shina hudumaa na ua hukwama katikati ya majani.

Ua likinyauka nakata kichwa, majani siyagusi hadi yawe manjano yenyewe, hata tuta likionekana limechakaa. Kitunguu ulichopanda huwa kimeshaisha kwa kulisha ua. Pembeni yake vinakua vitoto, na chakula chao kinatoka kwenye majani hayo.

Jana nimechimbua shina moja la Queen of Night. Ganda la mama lilikuwa jepesi kama karatasi, na ubavuni mwake vitoto vitatu: kimoja kinene, kinachotosha kuchanua mwakani, viwili vidogo kama njugu. Hivyo viwili nimevipa sehemu yao nyuma ya tuta, vikue taratibu.