Tundu la Inchi Sita

Julai 2002 nilikuwa na kikosi cha kuchoronga visima vya maji mkoani Dodoma. Habari za wachimbaji tisa wa makaa ya mawe walionaswa na maji mgodini Quecreek, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, zilitufikia kwa redio, na kambi nzima ikawa haina mazungumzo mengine. Kazi yao ya uokoaji ilikuwa kazi yetu hasa: rigi (mtambo wa kuchoronga), rodi (mabomba ya chuma yanayoungwa kushuka shimoni), biti (kichwa cha kusaga mwamba) na kompresa (mashine ya kubana hewa).

Jumatano tarehe 24, kabla ya saa tatu usiku, mashine ya kukata makaa ilitoboa mgodi wa zamani wa Saxman, uliofungwa miongo kadhaa nyuma na kujaa maji. Kwa ramani waliyokuwa nayo, walidhani bado wako umbali wa mita 90 hivi. Mamilioni ya galoni yakaingia kwa kishindo. Wenzao tisa wa upande mwingine wa mgodi walipigiwa simu ya ndani wakawahi kutoka. Hawa tisa njia ilikuwa imekatika, wakabaki mita 73 chini ya shamba la ng'ombe wa maziwa, mahali ambapo tabaka la makaa lina kimo cha mita 1.2 tu.

Kijana wetu wa kuunga rodi aliuliza, "Fundi, kwa nini wameanza na tundu jembamba la inchi 6 la kupeleka hewa, wasianze moja kwa moja na shimo la inchi 30 la kumtoa mtu?"

"Piga hesabu ya eneo, mwanangu," fundi akamwambia. "Inchi 30 kwa inchi 6, mwamba wa kusaga ni mara 25."

Tundu la inchi 6 ndilo lililowaokoa, ingawa picha zote baadaye zilikuwa za shimo kubwa. Wapimaji waliweka alama juu ya ardhi kwa GPS, wakilenga sehemu ambayo watu wangekimbilia. Alhamisi saa kumi na moja alfajiri biti ikatoboa. Rodi ikagongwa kutoka chini. Baadaye yakahesabiwa mapigo tisa.

Rodi hazikutolewa. Kompresa iliendelea kusukuma hewa kupitia humo, na pengo kati ya rodi na ukuta wa tundu likazibwa ili hewa isirudi juu. Hewa hiyo ilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ni kupumua. Ya pili ni kuyazuia maji: kila mita 10 za kina cha maji huhitaji shinikizo la takriban baa 1, yaani sawa na la hewa ya kawaida juu ya ardhi, kuzuiliwa, kwa hiyo hewa iliyobanwa kwenye sehemu ya juu ya mgodi inaweza kusimamisha maji yasipande zaidi, mradi isivuje. Huku pampu zikinyonya maji usiku na mchana. Tangu Alhamisi mchana mapigo hayakusikika tena, kwa kuwa maji yalikuwa yamewafukuza mbali na rodi.

Shimo la inchi 30 lilianza Alhamisi jioni. Ijumaa saa saba usiku, kwenye mita 30 hivi, biti ikakatika. Nilipoisikia hiyo nilishika kichwa. Shimo pana namna hiyo hutaka hewa nyingi mno ya kupandisha vumbi na vipande vya mwamba. Hewa ikipungua, vipande hurudi chini, biti inavisaga upya, inakwama, na nguvu yote ya kuzungusha inaishia kwenye shingo yake. Sisi kwenye kisima cha maji tungehama mita chache tukaanza upya. Wao walifanya yote mawili: rigi ya pili ikaanza shimo jingine, na karakana moja ikachonga kwa saa chache kifaa maalumu cha kuinasa biti na kuivuta juu. Ijumaa alasiri ikatoka.

Kulikuwa na hatari nyingine ambayo redio haikuieleza vizuri. Ukitoboa shimo kubwa wakati hewa ya chini bado imebanwa, inafyatuka yote juu, na maji yanapanda kuchukua nafasi yake. Ungewaua kwa kuwafikia. Kwa hiyo ilibidi pampu zishushe maji kwanza. Jumamosi saa nne usiku biti ilipotoboa, walizima kompresa, wakapima shinikizo, wakakuta ni sawa na la nje.

Kidude cha kuwapandisha kilikuwa kizimba cha wavu wa chuma chenye upana wa sentimita 56. Alianza msimamizi wao, aliyekuwa na maumivu ya kifua. Waliofuata walipangwa kwa uzito, mzito kwanza, maana wa mwisho hana wa kumsaidia kuingia. Saa tisa kasoro robo alfajiri ya Jumapili wote tisa walikuwa juu, baada ya saa 77. Kambini kwetu watu walikumbatiana kama waliookolewa ni ndugu zao.

Ramani ya mwisho ya Saxman, iliyoonyesha makaa yalichimbwa hadi wapi, ilipatikana baadaye kwenye jumba la makumbusho mjini Windber. Wakati ule wote ilikuwapo, imekunjwa, katika mji usio mbali na mgodi.