Ssese kwa Hema la Mtumba

Mama alinipigia nikiwa Mutukula, mpakani mwa Tanzania na Uganda, kwenye foleni ya kugonga muhuri wa pasi.

"Meli yenyewe ni kubwa?"

Nikamwambia si meli, ni pantoni tu, inabeba magari na watu, na haichukui hata saa moja majini.

"Na maboya yapo?"

"Yapo, mama."

"Umeyaona?"

Sikuwa nimeyaona. Nilikuwa bado nchi kavu, mbali na ziwa. Akakata simu bila kuaga, kama afanyavyo asiporidhika.

Mtu wa Bukoba haulizi kwa nini. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 karibu kabisa na Mwanza, watu wakiwa wamejazana humo kupita kiasi, na kwetu ni vigumu kukuta ukoo usio na jina la kutaja siku hiyo ikikumbukwa. Tangu hapo mama akienda Mwanza hupanda basi. Lakini basi nalo lilikuwa likifika Busisi, kabla ya lile daraja, linaingia kwenye pantoni. Alikuwa anafumba macho na kushika rozari mpaka matairi yaguse ng'ambo. Kwa hiyo mwanawe kusema anakwenda visiwani Ssese, upande wa Uganda, tena kwa kupenda, tena kulala nje kwenye hema, ilikuwa habari ngumu kidogo kumeza.

Wazo lilikuwa la shemeji. Ni Muganda wa Masaka, mume wa dada yangu, aliyeendesha malori ya Mombasa kwa miaka mingi na kuokota Kiswahili chake njiani, Malaba, Mariakani, Mlolongo. Anakisema kwa kasi, bila breki. "Wewe mtu ya ziwa, halafu Ssese hujafika? Aibu hiyo, shemeji." Nikakubali. Nimeliangalia Ziwa Victoria maisha yangu yote kutoka upande mmoja tu, pale ufukweni Bukoba, jua likichomoza kwenye maji. Kwamba kaskazini yetu kuna visiwa 84 nilikisoma shuleni na kukisahau baada ya mtihani.

Kutoka Mutukula hadi Masaka ni kama kilomita 90, ndizi kulia, ndizi kushoto, sawasawa na kwetu, ila hapa kituo cha basi kinanuka mayai ya kukaanga. Nilipofika, shemeji alikuwa ameshajaza pikapu: mkaa, sufuria, mikeka, jerikeni mbili, mkungu wa matoke. Mimi nilikuwa nimeleta hema. Nililinunua kwenye marobota ya mitumba, zuri, la kijani, limeandikwa maneno ya Kijerumani ambayo hakuna kati yetu aliyeweza kuyasoma. Mwuzaji aliniapia haliingizi hata umande. Litarudi katika simulizi hii.

Tulichelewa kwa sababu ya Rolex. Nawaeleza wasioijua Uganda: ni chapati iliyoviringishiwa mayai, kabichi na nyanya, inauzwa kando ya barabara, na shemeji hawezi kupita kibanda chake bila kusimama. Tukafika Bukakata tukiiona pantoni mgongo, imeshaondoka. Nikaketi kwenye kivuli kuwatazama minandi waliotua juu ya nguzo, mbawa wamezitandaza zikauke kama nguo kwenye kamba.

Iliporudi, tukapanda. Hailipiwi, wewe wala gari lako. Shemeji alilala kwenye usukani kabla hata injini haijanguruma. Mimi niliyatafuta maboya, nikayakuta, ya rangi ya chungwa, nikayapiga picha na kumtumia mama. Akajibu kwa kidole gumba kimoja. Mlango wa maji pale ni mwembamba, kisiwa cha Bugala unakiona mbele yako tangu unapoondoka, na bado nilisimama safari nzima nimeshika bomba la chuma. Mtoto mmoja mwenye kuku kapuni alinitazama sana.

Bugala ndicho kikubwa kuliko visiwa vyote vya Ssese, ila kwa gari unaweza kukimaliza asubuhi moja. Ukishuka Luku unaingia barabara ya vumbi jekundu, na kitu cha kwanza kinachokushika macho ni michikichi. Kwa akili yangu michikichi ni ya Kigoma: mmoja nyuma ya nyumba, mwingine bondeni, mama anakamua mawese ya kula. Hapa imepangwa mistari, vilima na mabonde, tangu katikati ya miaka ya 2000 ilipoanza kupandwa. Wenye mashamba madogo wamejenga nyumba za matofali na bati jipya, siwezi kuwalaumu. Lakini kuna mahali msitu unakatika ghafla, kama nywele zilizopitishwa mashine, na kuanzia hapo hakuna ndege anayelia. Shemeji alizima redio pale, sijui kwa nini.

Mji wa Kalangala uko juu mgongoni mwa kisiwa, na Lutoboka iko chini yake, kwenye ghuba. Tukateremka mpaka ufukweni, mahali penye nyumba za wageni na nyasi za kupigia hema. Bei ya kulala ilikuwa kama ya sahani mbili za samaki. Askari wa pale alikuwa mzee wa Kijaluo kutoka upande wa Kenya, aliyevua samaki visiwa karibu vyote mpaka magoti yalipomgomea. Nikamwamkia shikamoo. Akanyamaza kidogo, akacheka, "Marahaba! Hiyo sijaisikia siku nyingi." Masaka nilikuwa nimejifunza kuanza na Luganda changu kibovu, maana wazee wengi wa kule wakisikia Kiswahili wanakumbuka askari na bunduki. Visiwani ni tofauti. Mwaloni kuna Mganda, Mjaluo, Msamia, Mkerewe, Mnyarwanda, na mashua moja haiwezi kuwa na lugha tano.

Mzee alitazama tulipolitandaza hema, akasema, "Hapo maji hupita." Tukamwonesha ziwa. Ukifungua zipu, ghuba yote iko mbele yako. Akainua mabega, akarudi kwenye kiti chake.

Jioni ile ilikuwa nzuri mno, naikiri. Furukombe wawili walikuwa juu ya mti mkavu, kichwa na kifua vyeupe kama shati la kanisani, wakiitana kwa ile sauti ya kurusha kichwa nyuma. Mmoja akashuka, akapita juu ya maji bila kulowa zaidi ya kucha, akainuka na samaki anayepiga mkia. Baadaye giza lilipoanza, kitu kiliteleza kando ya mawe, kichwa cha mviringo, masharubu. Fisi maji. Akaketi kwenye jiwe akala kitu chenye kutafunika kwa kelele, nafikiri kaa, akazama bila mchirizi. Sikuogelea, kichocho nimekiugua utotoni na kinatosha.

Tulichoma samaki tukibishana. Mimi nasema sato, shemeji ngege. Sangara kwake ni mputa, dagaa ni mukene. Mzee naye akaongeza ya Kijaluo, ngege vilevile, na mbuta, tukamwambia anampendelea shemeji.

Sasa hema.

Mtoto wa Bukoba anajua mvua ya ziwa inakuja saa ngapi. Usiku nchi kavu inapoa, upepo unashuka kutoka pande zote kuelekea majini, unakutana katikati ya ziwa, wingu linapanda juu, halafu upepo wa kusini mashariki unalisukuma lote kwetu magharibi. Ndiyo maana Bukoba tunaamshwa na radi alfajiri, na ndiyo maana mwezi wa Novemba hakuna mwenye akili anayeacha nguo nje usiku. Nilijua yote hayo. Nililala nimevua viatu, nimeviweka nje.

Saa kumi ilikuja na upepo kwanza. Kisha radi moja iliyoonesha ghuba yote nyeupe, hata mashua nikazihesabu. Kisha maji. Yale maneno ya Kijerumani nadhani yalisema kuna turubai la pili la kuweka juu, maana hema hili lilichujisha mvua kama kitambaa cha chai. Na chini, pale ambapo maji hupita, yalipita. Godoro likaanza kuelea. Shemeji akaamka anapiga kelele kwa Luganda, kisha akaanza kumtaja Mukasa.

"Nani?"

"Mukasa! Mwenye ziwa! Nyumba yake si iko hapa Bubembe, kisiwa cha jirani?"

Nilikuwa nimeketi kwenye dimbwi, tochi mdomoni, nikaacha kila kitu. Kwetu radi ikipiga hivi bibi alikuwa anafunika sufuria na kusema Mugasha amekasirika. Mugasha, bwana wa ziwa, wa pepo na dhoruba. Nilidhani ni wetu, Wahaya, wa ufukweni kwetu. Kumbe anakaa hapa, na mimi nimekuja kulala mlangoni kwake na hema la mtumba.

Tulikimbilia kwenye kibanda cha mzee. Hakusema "niliwaambia". Alitupa gunia la kukalia.

Mvua ilikatika kabla jua halijatoka, na hapo ndipo safari ilipolipa. Nje ya kibanda kulikuwa na taa moja ya ulinzi. Chini yake nyasi zilikuwa zikitikisika, na upepo haukuwepo. Shemeji ndiye aliyetangulia kuelewa. "Nsenene!"

Senene. Wa kijani, wa kahawia, mmoja mmoja wa zambarau, wanaanguka kwenye mwanga, wanagonga bati tak tak, wanang'ang'ania suruali. Nilirudi kuwa na miaka minane. Tulikusanya kwenye sufuria, kwenye jerikeni, kwenye begi la hema lililokuwa halina kazi nyingine. Unamshika kwa vidole viwili nyuma ya kichwa, la sivyo anauma. Mzee alikuwa amekaa anatutazama wanaume wawili wazima tukitambaa kwenye matope.

"Kumbikumbi nakula," akasema. "Panzi, hapana."

Kunyonyoa kulichukua asubuhi yote. Mabawa, miguu, mabawa, miguu, mpaka kidole kinakuwa cha kijani. Kisha sufuria kavu, moto mdogo, bila mafuta, kwa sababu wanajitoa mafuta yao wenyewe. Ukisikia wameanza kulia kama mchanga mkavu, chumvi na kitunguu. Shemeji alisema zamani mke akimkusanyia mumewe nsenene alikuwa anadai gomesi mpya, lile gauni la Kiganda, kwa hiyo hawa tuliowakusanya wenyewe ni faida tupu.

Mchana, kila tulichokuwa nacho kikiwa kimeanikwa, tuliingia msituni nyuma ya ghuba. Tumbili walitusindikiza mwanzoni kwa matumaini ya ndizi, wakatuacha. Ndani zaidi kulikuwa na mbega, weusi wenye mikia myeupe mirefu, wameketi juu kabisa bila haraka, kama wazee kwenye baraza. Hondohondo alipita juu yetu na ule mlio wa mbawa zake nzito. Nzohe wapo visiwa hivi, lakini ni wanyama wa kwenye mafunjo na hawaonekani kirahisi, sikumwona. Kiboko naye tulimjua kwa kinyesi chake tu, kimetawanywa vichakani hatua chache kutoka tulipolala, na kwa hilo nashukuru.

Kuna miti mle ambayo watu watatu hawaikumbatii, ila katikati yake kuna mingi ya umri mmoja, myembamba. Mwanzoni mwa karne iliyopita malale yaliua watu wengi sana kandokando ya ziwa hili upande wa Uganda, na mwaka 1909 serikali ya Kiingereza ikawahamisha Wassese waliobaki, wakapelekwa bara. Visiwa wakaachiwa mbung'o na viboko. Waliporuhusiwa kurudi, baada ya miaka, walikuta mashamba yameota msitu. Nilipomweleza shemeji alitazama miguu yake, kana kwamba amekanyaga jiko la mtu.

Usiku wa pili tulihamisha hema mpaka mahali alipotuonesha mzee. Haikunyesha hata tone.

Bukoba nilifika na kopo la senene waliokaangwa, wamefungwa kwa gazeti. Mama alichukua kiganja kimoja, akatafuna, akasema chumvi imezidi kidogo, akachukua kingine.

"Wa wapi hawa?"

"Wa Ssese. Walianguka baada ya radi. Mama, unajua Mugasha anakaa kule?"

Mdomo wake ukasimama. Akalitazama kopo, akanitazama mimi, miguu na mikono, kama anayehesabu kama nimerudi mzima. Kisha akachukua senene watatu, akawaweka pembeni kwenye kisahani, akaendelea kula.