Kumchoma Bibi Sindano Mara ya Pili

Leo asubuhi, hapa Kigoma mjini, nilimpokea bibi mmoja aliyetoka Ujiji, ambaye daktari alikuwa amemwandikia vipimo vya chembe za damu na chumvi za mwilini. Nilimwamkia, nikamwomba ataje mwenyewe majina yake matatu, nikayalinganisha na fomu. Mkono wake ulikuwa mwembamba, na mshipa uliteleza kila nilipougusa. Nilifunga mpira vidole vinne juu ya mahali pa kuchoma, nikapapasa, kisha nikaulegeza kwanza, kwa kuwa ukikaa zaidi ya dakika 1 majibu huanza kupotoka. Spiriti niliiacha ikauke yenyewe.

Kichupa chekundu, cha kupimia chumvi, hakikuvuta vizuri, kikapata robo tu. Cha zambarau, cha chembe za damu, kikafika kwenye mstari, kisha damu ikakata.

“Mjukuu wangu,” bibi akauliza, “kwa nini usimimine kidogo kutoka hicho kilichojaa?”

Swali hilo liliniingia, maana katika mwaka wangu wa kwanza kazini ndivyo nilivyofanya, kwa kumhurumia mtoto aliyekuwa akilia. Kichupa cha zambarau kina EDTA, dawa inayozuia damu isigande kwa kuishika kalsiamu, na aghalabu huwa ni chumvi ya potasiamu. Kwa hiyo majibu ya mtoto yule yalionyesha potasiamu ya juu ya kutisha na kalsiamu iliyokaribia kwisha. Daktari aliona majibu hayo hayafanani kabisa na mtoto aliyekaa mbele yake akila embe, akaagiza damu ichukuliwe upya kabla ya tiba yoyote. Usiku ule sikupata usingizi, nikiwaza dawa ya kushusha potasiamu ikiingia katika mwili usioihitaji.

Nilimweleza bibi kwamba kile kichupa kimetiwa dawa. Akafikiri kidogo, akanyoosha mkono wa pili: “Haya, lakini huu ndio ninaosongea ugali.” Nilimpa maji anywe, nikaukanda mkono kwa kitambaa cha uvuguvugu, tukasubiri bila haraka, na safari hii damu ikaja vizuri. Niliandika jina lake kichupani palepale akiniona, nikamwomba abane pamba bila kukunja kiwiko.

Kichupa chekundu nilikiacha dakika 30 damu igande. Mchana majibu yakatoka: potasiamu 4.2, kiwango cha kawaida.