Majani ya mwarobaini kwenye asidi

Kazi yangu hapa Tanga ni mabomba ya kupozea: injini za maboti, mitambo ya barafu, mara mojamoja jenereta. Maji ya visima vyetu yana chokaa, na bomba la chuma la inchi mbili baada ya miaka michache hubaki na tundu la kupitisha kidole. Dawa yake ni kuzungusha humo asidi hidrokloriki iliyozimuliwa. Chokaa inatoa povu, inaondoka. Tatizo, asidi haijui pa kuishia; ikimaliza chokaa inaanza chuma. Mwaka juzi nilimrudishia mteja bomba linang'aa, wiki ya pili likatoboka kwenye kiungo. Nililipa mimi.

Viwandani huchanganya asidi na dawa ya kukinga chuma, lakini bei ya dukani ilinishinda. Mpwa wangu, anayesoma kemia chuoni, ndiye aliyesema, "Mjomba, watu maabara wanajaribu hata majani. Na mwarobaini umejaa uani kwako." Nilicheka. Ila mti kweli upo, na majani yake siuziwi.

Nilikata vipande vya bamba, sentimita 5 kwa 2, unene milimita 3, nikavipiga msasa mpaka vikawa vyeupe. Mizani ya kupimia vitu vidogo hivyo sina, nikaenda kwa sonara jirani. Akakigeuzageuza kipande. "Fundi, hii si dhahabu." Nikamwambia najua, nataka kuona kitapungua kiasi gani kikilala kwenye asidi. Alinipimia bure, nadhani kwa kunihurumia.

Mara ya kwanza niliharibu mwenyewe. Nilivitundika vipande kwa waya wa shaba niliouokota karakana. Asubuhi vyote vilikuwa vimeliwa vibaya kuzunguka tundu la waya, vyenye majani na visivyo na majani. Shaba na chuma vikigusana ndani ya asidi vinakuwa kama betri, na anayeliwa ni chuma. Fundi wa miaka yote hii, nikasahau! Nikabadili, nikatumia mshipi wa kuvulia. Mara ya pili supu ya majani ilikaa dumuni siku nne, ikaota ukungu na kunuka, nikaimwaga.

Mara ya tatu nilichemsha gramu 50 za majani makavu kwa lita moja ya maji, nikachuja kwa kitambaa, nikaitumia siku hiyohiyo. Kwenye chupa moja niliweka asidi na supu, kwenye nyingine asidi na maji matupu kiasi kilekile, maana zisipolingana ukali hujapima kitu. Asidi huitia ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi, na nje, kwa sababu viputo vinavyotoka kwenye chuma ni haidrojeni, inayoshika moto, na mvuke wa asidi unakaba.

Baada ya siku nzima, kipande cha maji matupu kilipungua gramu 0.41. Cha mwarobaini, 0.09. Sonara alipima mara mbili. Ukipiga hesabu, karibu asilimia 78 ya chuma ambacho kingeliwa kimeokolewa. Nikaongeza supu maradufu, faida ikawa ndogo mno. Mpwa wangu alinieleza kwamba tanini na vitu vingine vya majani hujishikiza juu ya chuma na kuziba njia ya asidi. Uso ukishajaa, hakuna pa kukaa tena.

Kisha nikapasha moto chupa hadi nyuzi 60. Hapo kinga ilishuka hadi karibu nusu. Vile vitu havikushikilia kwa nguvu, joto linavibandua.

Kijana alikuwa ameshaanza kuota bomba la mafuta ghafi, kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi hapa kwetu Chongoleani. Nikamrudisha. Nje, bomba kama lile hulindwa kwa mipako na umeme. Dawa ya kuzuia kutu ni ya ndani. Na mafuta yale yana nta, lazima yawe na joto la nyuzi 50 na zaidi yasigande, ndipo hasa mwarobaini wangu unapochoka. Halafu majani ya masika na ya kiangazi hayafanani, wakati bomba kubwa linataka kipimo kilekile kila siku ya mwaka.

Kwangu inatosha. Nachemsha majani asubuhi ya kazi, nazungusha asidi baridi yenye supu kwa muda wa saa mbili, nasuuza kwa maji ya magadi, kisha maji safi. Mabomba ya maji ya kunywa siyagusi kwa supu hii. Mwezi uliopita nililetewa kazi ya bomba la mvuke lisilosubiri lipoe. Nilinunua dawa ya kiwandani, nikamtajia mteja bei yake bila kuzunguka.