Mama wa sato na saa 06:00

Ijumaa ya tarehe 29 Machi 2024 ilikuwa Ijumaa Kuu, na tulikuwa ndani ya Ramadhani. Ofisi imefungwa, niko nyumbani Mwanza, tumeshafuturu, tambi na uji bado viko mezani. Nikashika simu, nikafungua mtandao wa kijamii wa Mastodon. Andres Freund, mmoja wa wanaoijenga hifadhidata ya PostgreSQL, alikuwa ameandika kwamba alipokuwa akipima mabadiliko kwenye hifadhidata hiyo amekutana na tatizo la usalama ambalo hakuwa akilitafuta.

Kilichomshtua ni nusu sekunde. Ukijaribu kuingia kwenye seva kwa SSH, njia ya kuingia kwenye mashine ukiwa mbali, ukitumia jina lisilokuwepo, unakataliwa, na kukataliwa huko kulichukua kama sekunde 0.3. Sasa kulichukua 0.8. Mwingine angesema mtandao leo mzito, akaendelea na yake. Yeye aliifuata hiyo nusu sekunde hadi ikamfikisha kwenye xz, programu ya kubana mafaili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Humo mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa ameficha mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia, ndani ya mafaili ya majaribio, baada ya miaka kama miwili ya kujijengea imani kwa mwenye mradi, aliyekuwa akiutunza kwa kujitolea tu.

Niliacha vyombo. Nikawasha laptopu, nikaingia kwenye seva zetu moja baada ya nyingine. Ubuntu 22.04, xz 5.2.5. Tuko salama. Mama alikuja kusimama mlangoni akaniuliza kama kuna msiba.

Kwa asiyeijua Mastodon: hakuna kampuni moja iliyoishika yote. Eugen Rochko aliianzisha Ujerumani mwaka 2016, programu yenyewe ni huria, na yeyote mwenye uwezo anasimamisha seva yake. Seva zote zinaelewana kwa itifaki iitwayo ActivityPub, ambayo W3C, shirika la viwango vya wavuti, iliipitisha rasmi Januari 2018. Sisi tuliozoea kutuma pesa kutoka M-Pesa kwenda Airtel Money hatuhitaji maelezo marefu. Wewe una mtandao wako, mimi nina wangu, na mzigo unafika. Unawafuata unaowataka, na maneno yao yanakuja kwa mpangilio wa muda yalivyoandikwa, kwa kawaida herufi zisizozidi 500.

Nilijiunga mwishoni mwa 2022 kama wengi wetu. Nilidhani nitakuta watu wakionyeshana miradi iliyokamilika, vyeti, na picha za meza zenye skrini tatu. Zipo, lakini nilichokikuta zaidi ni watu wakionyeshana mahali walipokwama. Julia Evans, anayechora vikatuni vya kueleza Linux na mitandao, mwaka 2023 aliwauliza watu ni maneno gani ya git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya programu, yanayowachanganya. Wakamiminika, wakiwemo waliotumia git miaka kumi na zaidi. Mimi nilikuwa natumia rebase, amri mojawapo ya git, kwa kukariri hatua, kama dua ambayo hujui maana yake, na nilikuwa naficha. Siku ile nilisoma majibu hadi bando likaisha.

Kisha Hachyderm. Hii ni seva ya watu wa teknolojia iliyoanzishwa na Kris Nóva nyumbani kwake, mashine zikiwa chini ya nyumba. Novemba 2022 watu walipohama Twitter kwa wingi, seva ikafikia watumiaji kama 30,000 na diski zikaanza kushindwa. Waliokuwa wakiiendesha waliandika hadharani kila kitu: diski gani ilikuwa mbovu, walikosea wapi kusoma dalili, walihamishaje mzigo kwenda kwenye mashine za Ujerumani huku watu wakiendelea kuzitumia. Nilisoma maelezo yale mara mbili, nikachukua na kalamu. Mahali nilipofanyia kazi awali, seva ikianguka, la kwanza lilikuwa kutafuta nani alaumiwe, na la pili kuwaambia wateja kwamba ni umeme. Nóva alifariki Agosti 2023. Mimi sikuwahi kuzungumza naye, lakini namna ninavyoandika taarifa ya hitilafu leo nimeichukua kwao.

Basi nami nikaandika la kwangu.

Ninatengeneza mfumo wa vifurushi vya mabasi. Mteja analeta mzigo stendi ya Nyegezi, karani anaingiza, mteja anapata ujumbe wa simu kuhusu basi litakalobeba mzigo na saa ya kuondoka. Kompyuta inatunza muda kwa saa 24, kwa hiyo ujumbe wangu ulisema: "Basi litaondoka saa 06:00." Mama mmoja, mteja wetu wa kila wiki, alikuwa na boksi la samaki aina ya sato kwenye barafu la kwenda Dodoma. Alisoma alichoandikiwa. Akafika saa sita mchana. Basi lilikuwa limeondoka saa kumi na mbili asubuhi, na jua la Mwanza la saa sita mnalijua. Nilikuwepo stendi siku hiyo kwa kazi nyingine, nikamwona anafungua boksi na kuonyesha maji. Hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Mwanangu, hapa si pameandikwa saa sita?"

Pameandikwa saa sita. Mimi ni Mswahili, nimeandika ujumbe kwa Kiswahili, na saa nikaiweka kwa Kiingereza. Hilo liliniumiza kuliko hitilafu yoyote niliyowahi kusababisha, kwa sababu hakuna jaribio ambalo lingeligundua. Majaribio yote yalikuwa ya kijani, yaani yamefaulu.

Usiku ule niliandika kisa chote Mastodon, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, nikaweka skrinshoti ya ujumbe. Wa kwanza kujibu alikuwa mtu asiyeona, anayesomewa skrini na kompyuta, akaniomba kwa upole nieleze picha kwa maneno kwa sababu kwake ilikuwa tupu. Nikaeleza. Tangu hapo siposti picha bila maelezo, na aibu niliyoisikia ni kwamba nilikuwa nalalamikia mfumo usiomjali msomaji wake huku nikifanya lile lile.

Halafu akaja mtengeneza programu kutoka Ethiopia. Kwao nako saa zinahesabiwa kuanzia kuchomoza kwa jua, saa sita za tofauti kama zetu, na juu yake wana kalenda ya miezi 13. Yeye alishaumia zamani. Ushauri wake: ndani ya hifadhidata usiguse kitu, acha saa 24 kama zilivyo, geuza pale tu macho ya mtu yanapofika. Chukua saa, jumlisha 6, gawanya kwa 12, tumia baki, na baki likiwa 0 andika 12. Mistari minne. Nikaiandika palepale, nikaiweka chini ya chapisho, na kabla ya kulala nikawa nimeshasahihishwa: dakika zangu zilipoteza sifuri ya mbele, 06:05 ikawa "saa 12 na 5".

Nikadhani yamekwisha. Akatokea mtu wa Unguja na swali la basi la usiku. Basi linaloondoka 01:00 ya Alhamisi utaliandikaje? Nikajibu, "Alhamisi saa 7 usiku." Akasema, hapo umempoteza abiria mwingine. Watu wengi wakisoma hivyo watakuja usiku baada ya mchana wa Alhamisi, saa 24 baadaye. Kwa wazee wa pwani, ambao siku yao inaanza jua likizama, usiku wa Alhamisi ni ule unaotangulia mchana wake, kwa hiyo hapo kompyuta na bibi wa huyo mtu wa Unguja wanakubaliana, na sisi vijana wa bara ndio tunaopishana nao. Lakini saa moja ya jioni ya Jumatano, kompyuta inasema bado Jumatano na bibi yake anasema ni Alhamisi tayari. Mjadala ule ulikwenda siku tatu, na uliomaliza ugomvi ni msemo ambao magazeti yetu yanautumia kila siku bila mtu kuuona: usiku wa kuamkia Alhamisi. Hauna tafsiri mbili, kwa bibi wala kwa kijana. Nimeuingiza kwenye mfumo kwa safari zote za kati ya saa 6 usiku na alfajiri.

Ninaandika haya pia kwa sababu Desemba iko njiani. Kila Desemba tangu 2015 Eric Wastl anatoa mafumbo ya programu yaitwayo Advent of Code, moja kwa siku, na fumbo linafunguka usiku wa manane wa mashariki ya Marekani, yaani saa 2 kamili asubuhi yetu, chai ikiwa mezani na akili ikiwa mpya. Zamani yalikuwa 25, mwaka 2025 yakapunguzwa kuwa 12. Watu wanaposti majibu yao Mastodon yakiwa yamefunikwa kwa onyo, ili asiyefika hapo asiharibiwe. Nataka safari hii tuwe na maelezo ya Kiswahili chini ya majibu yetu. Nitaanza mimi.

Mama wa sato bado anasafirisha kwetu. Tulimlipa boksi lile, na ujumbe wake siku hizi unasema: "Basi litaondoka Jumanne saa 12 asubuhi (06:00)."

Kuna moja sijaliamua. Saa 10 mchana karani mmoja anaiita alasiri, mwingine anaiita jioni, na kila mmoja ana wateja wanaomuunga mkono. Ninyi mlioko Lamu, Goma, Bujumbura na Maskati, kwenu alasiri inaishia saa ngapi? Niandikieni na mahali mlipo, nitaliweka kwenye jedwali moja ambalo yeyote ataweza kulichukua.