Waliponiuliza Habari za Baiskeli

Mwaka 2016 nilipanda basi Nzega alfajiri, nikaingia Dar es Salaam usiku, yote kwa ajili ya mtihani wa robo saa. Sehemu ya kuzungumza ya IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, huchukua dakika 11 hadi 14: wewe, mtahini mmoja, na kinasa sauti juu ya meza. Nilikuwa naomba kusoma shahada ya uzamili Uingereza, na chuo kilitaka alama 6.5 kati ya 9.

Mwalimu wa kozi niliyoilipia alitukaririsha majibu: mji wangu, kazi yangu, chakula ninachokipenda. Hadi leo naamini alitukosea. Jibu la kukariri halijifichi, mtu aliyezoea kusikiliza hulitambua tangu sentensi ya kwanza.

Mtahini alikuwa mama wa makamo. Alikagua pasi yangu ya kusafiria, akawasha kinasa sauti, akaniuliza kuhusu kazi yangu. Nikamimina nilichokariri. Akanikatisha kwa upole, akasema sasa tuongee habari za baiskeli.

Baiskeli haikuwemo kwenye daftari langu.

Unajua kuendesha? Nikasema ndiyo, nikanyamaza. Ulijifunza ukiwa na miaka mingapi? Saba. Nikanyamaza tena, koo limekauka. Nani alikufundisha?

Hapo nikamwona baba. Baba alikuwa fundi baiskeli, kijiwe chake chini ya mwembe. Alikuwa akichomoa tyubu, anaijaza upepo, anaizamisha kwenye beseni kipande kwa kipande huku ameinamisha uso karibu kabisa na maji, mpaka mapovu yapande mahali. Hapo anaweka kidole na hakiondoi. Anaifuta, anaikwangua kwa msasa, anapaka gundi, anaipuliza, na anangoja. Wateja walikuwa na haraka, yeye hakuwa nayo. Gundi mbichi, alisema, itakuangusha njiani.

Baiskeli ya mteja, Phoenix, ikishapona, mimi ndiye niliyetumwa kuijaribu. Kiti sikukifikia, hivyo nilipitisha mguu wa kulia chini ya bomba la fremu, nikanyonga pedeli mwili umepinda upande mmoja, nikazunguka mwembe huku baba ameshika karia. Siku moja nilisikia sauti yake ikitoka mbali, nikajua ameshaachia.

Nikaanza kumweleza yule mama hayo kwa Kiingereza, na maneno yakaja. Tairi, tyubu, breki, pampu, spoku, karia, pancha. Baba aliishia darasa la saba na sijawahi kumsikia akiongea Kiingereza, lakini msamiati mwingi wa kazi yake ulitoka huko, ukapita midomoni mwa mafundi mpaka ukawa Kiswahili. Nilikuwa nimekaa nao tangu utoto. Kilichobaki ni kuondoa ile irabu ya mwisho.

Akauliza kama baiskeli hutumika sana nchini kwetu. Nikamwambia kwetu baiskeli ni kazi. Nikamtajia gunia la mkaa lililofungwa kwa mpira, madumu ya maji, na mgonjwa aliyekalishwa kwenye karia, ndugu mmoja akisukuma na mwingine akimshikilia mgongoni hadi zahanati. Nikamwambia mama yangu alipelekwa hivyo usiku aliponizaa. Mtahini aliacha kuangalia karatasi yake. Sekunde mbili hivi, kisha akarudi kwenye swali lililofuata, kama kazi yake inavyomtaka.

Yaliyobaki siyakumbuki vizuri. Kulikuwa na kadi yenye mada ya kuzungumzia, dakika moja ya kujiandaa, na maswali mazito mwishoni. Niliongea bila kutetemeka.

Nilipotoka nilimpigia baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Wamekuuliza nini?"

"Baiskeli."

Akakaa kimya kidogo. Nilisikia nyundo ikigonga rimu upande wake.

"Baiskeli gani?"

"Baiskeli tu, baba. Nani alinifundisha, na kwetu tunazitumiaje."

"Ukawaambia kwamba gundi lazima ikauke kwanza?"

Nikamwambia hilo nilikuwa nimelisahau.

"Basi wakikuita tena," akasema, "uwaambie."