Siku moja jikoni Arusha: mteja ni mfalme, lakini jogoo halijui wafalme

Ninapika kwenye mgahawa mmoja hapa Arusha mjini. Upishi nilisomea chuo cha ufundi cha VETA, pale Njiro, lakini ukoo mzima bado unaniuliza nitapata lini kazi ya maana. Wateja nao wana dhana yao: kwamba mpishi amekaa jikoni na sufuria tupu, anakungoja useme unataka nini ndipo aanze kumenya kitunguu. Basi njooni mshinde na mimi Jumamosi moja.

Saa kumi na moja alfajiri. Kifodi, yaani daladala ya huku, kutoka Ngaramtoni kimejaa akina mama wa mboga na ndoo zao, mimi nimebanwa mlangoni ndani ya koti la mume wangu. Mwezi wa saba baridi ya huku haina utani. Nafika soko la Kilombero giza bado halijaachia, na hapo ndipo chakula cha siku nzima kinapoamuliwa. Nyanya natafuta za Ngarenanyuki, vitunguu vya Mang'ola, mchele wa Magugu. Kuku nawachagua mwenyewe kwa mkono. Unabonyeza ncha ya mfupa wa kifua: ikipinda chini ya kidole, kuku bado mchanga. Ikikataa, tazama miguu, na ukikuta kucha ya nyuma ndefu, nene, ujue hilo jogoo limezunguka sana kijijini. Siku hiyo mitetea wazuri walishawahiwa, yamebaki majogoo. Nikachukua manne. Nikamwambia muuzaji, "Mangi, haya mbona mazee?" Akacheka, na hakupunguza hata mia tano.

Saa moja mpaka saa tatu ni supu, chapati, chai na vyombo. Hakuna la kusimulia.

Saa tatu ndipo masufuria makubwa yanapanda. Maharage yamelala kwenye maji tangu jana, na lazima yawahi jikoni, maana mji huu uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100 kama ya Dar. Sufuria linatokota, povu linaruka, na bado maharage yanakutazama tu. Mchuzi wa nyama nao unaanza muda huo huo, na ikifika saa tano kitunguu kimeshayeyuka humo, hukioni tena. Nalisema hili kwa sababu kila siku, ikipigwa saa saba mchana, lazima atokee mtu anayeomba mchuzi wa nyama usio na kitunguu. Nitakitoaje, mpendwa? Nichuje? Naweza kukukaangia nyama pembeni bila kitunguu, ukisubiri. Ndiyo tofauti ambayo watu wa nje hawaioni: kuna kinachopikwa baada ya oda na kuna kilichokwisha kupikwa wewe ukiwa bado usingizini.

Hata hivyo maombi mengi nayapokea vizuri. Mwenye presha akitaka chumvi kidogo, anapata. Asiyeweza karanga namtengea kikaango, mwiko na kisu, na hapo siulizi kama anazidisha, kwa sababu mtu anaweza kuvimba koo akafa mezani kwangu. Mwislamu akiuliza nyama kachinja nani ana haki ya kujibiwa kabla hajakalia kiti. Kuna wapishi wenzangu wananuna mteja akimwagia pilau tomato. Mimi hainihusu. Ulimi ni wake na hela ni yake.

Saa saba na nusu oda zilikuwa zimejaa ubaoni, chipsi ziko kwenye mafuta, kijana wa grili anageuza mishkaki huku anajifuta jasho kwa kiwiko. Mhudumu akaingia na sura ya kuomba radhi.

"Dada, meza ya nne wanataka kuku wa kienyeji mzima, wa kuchoma. Wanasema asichemshwe kabisa. Na wanataka ndani ya dakika ishirini."

Kwa asiyejua: kienyeji tunamchemsha kwanza polepole na tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, saa nzima, na akiwa jogoo zaidi ya hapo, ndipo aende kwenye makaa kupata rangi. Kuku aliyetembea maisha yake yote ana misuli yenye nyuzi ngumu. Nyuzi hizo hulainishwa na majimaji na muda. Moto mkavu wa harakaharaka unazikaza zaidi. Broila ana wiki tano au sita tangu aanguliwe, huyo mchome unavyotaka. Jogoo la Kilombero ni habari nyingine.

Nikafuta mikono nikaenda mezani. Mzee wa makamo, tai nyekundu, wageni wawili aliokuwa anawakirimu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, binti yangu. Wewe ndiye shefu? Mbona kadogo?"

Nikameza hiyo. Nikamweleza kwamba waliopo ni majogoo, asiyechemshwa atawasumbua meno, na dakika ishirini hazimtoshi hata broila. Nikamwomba saa moja na robo, tena waanze na supu yake yenyewe, moto, na pilipili. Au nimpe broila.

"Broila sili. Na kuku wa kuchemsha utamu wote umeshabaki kwenye maji. Binti yangu, mimi nimeanza kula kuku kabla hujazaliwa. Mteja ni mfalme, au huku kwenu haijafika hiyo?"

Wageni wakacheka. Bosi alikuwa kaunta, ananikazia macho ya maliza hiyo habari. Nikasema sawa baba, nitamchoma bila kuchemsha, lakini nikarudia mhudumu akisikia: atakuwa mgumu, na hatoki jikoni kabla hajaiva.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo na sijawahi kuuhamisha. Ugumu ni wako, umeuomba, utafune. Ubichi si wako. Ukiumwa tumbo kesho hutasema niliagiza mwenyewe, utasema nilikula pale.

Nikampasua jogoo mgongoni, nikamlaza bapa, nikamchanja mapaja ili moto uingie, chumvi, ndimu, kitunguu saumu, nikamweka pembeni ya makaa asiungue. Dakika ya ishirini ngozi ilishakuwa na rangi ya kupigiwa picha. Mtu yeyote angeapa kuwa yuko tayari. Ninacho kipimajoto cha sindano nilichonunua kwa hela yangu, nikakichomeka ndani ya paja, karibu na mfupa bila kuugusa. Nyuzi 58. Kuku anatakiwa afike 74 huko ndani ndipo vijidudu kama salmonela vife. Macho hayatoshi, kwa sababu kuna kuku anabaki mwekundu mfupani na ameiva, na kuna mweupe ambaye bado.

Mhudumu akarudi: wanauliza. Nikamwambia bado. Akarudi tena: wanasema mmoja anawahi ndege KIA. 64. Chipsi za meza ya saba zikaanza kuwa nyeusi, nikazimwaga, nikaanza nyingine. Mwenye wali maharage analalamika kwamba waliokuja nyuma yake wameshakula. Halafu mzee mwenyewe akasimama mlangoni mwa jikoni, tai kaitupia begani.

"Mlete hivyo hivyo!"

"Baba, hatoki."

"Ninayekula ni nani, mimi au wewe?"

"Wewe baba. Ndiyo maana hatoki."

Kijana wa grili aliinamia makaa akajifanya anayapuliza. Najua alikuwa anacheka. 69. 71. Nilikaribia kumkumbatia yule jogoo alipofika 75, maana zilikuwa zimepita dakika arobaini na kitu na oda zote za nyuma zimelala.

Akapelekwa. Nilichungulia, siwezi kusema uongo. Mzee alilishika paja kwa mikono miwili akavuta, nyama ikavutika ikarudi. Akabadilisha upande wa meno. Mgeni mmoja alikata kipande cha kifua, akatafuna, akatafuna, akakitoa kistaarabu kwenye tishu. Dakika tano hazijaisha naitwa.

"Huyu kuku umempika au umemtishia moto?"

Nikamjibu kwamba ni kama tulivyokubaliana. Akasema yeye hakukubaliana na kuku mgumu, yeye aliomba kuku asiyechemshwa, kazi ya shefu ni kujua namna. Akalipa ugali, soda na kachumbari. Kuku hakulipa. Elfu thelathini hiyo.

Yule jogoo nilimtumbukiza kwenye presha kuka na mchuzi wake, na saa tisa tukamla sisi wa jikoni kwa ugali wa moto. Alikuwa mtamu kupita maelezo. Lakini utaratibu wa pale ni kwamba chakula kikirudishwa, mpishi anakatwa kwenye mshahara, na bosi alishafungua daftari. Nikavua aproni, nikaketi mbele yake, nikamwambia kama ninapika kwa akili ya mteja basi nisikatwe kwa akili yangu. Tulivutana, na miguu yangu imeshavimba kwenye zile sandali. Mwisho alikubali kitu kimoja: mteja akishauriwa akakataa, mhudumu anaandika kwenye oda "ameambiwa", anamsomea, na akisema haya, analipa, kiwe kimempendeza au la. Ya jogoo alisema atalifikiria.

Sijui ilikuwa saa ngapi walipoingia watalii wawili na mwongozaji wao, vumbi la Serengeti bado kwenye viatu. Mmoja alitaka steki iwe nyekundu katikati. Nikampa bila neno. Kwenye kipande kizima cha nyama vijidudu hukaa nje, na nje ndiko kikaango kinakoumiza. Mwenzake akataka baga nayo iwe nyekundu ndani. Hiyo hapana. Ukishasaga nyama, kilichokuwa nje umekichanganya mpaka katikati, kwa hiyo lazima moto ufike huko, nyuzi 71. Mwaka 1993 huko kwao Marekani watoto 4 walikufa na watu zaidi ya 700 waliugua kwa baga zisizoiva sawasawa, tulifundishwa darasani. Mwongozaji akawatafsiria, mtalii akainua mabega, akaagiza steki.

Karibu na kufunga akaja dereva mmoja wa lori, peke yake. Sato. Akaushwe kabisa, alisema, akaushwe mpaka mifupa itafunike. Samaki alikuwa mbichi mzuri, mnono, wa siku hiyo, nikamtuma mhudumu amwambie kwamba akikaushwa hivyo atapoteza utamu wote. Akajibu anajua. Mhudumu akaandika "ameambiwa", akamsomea, jamaa akasema haya. Nikamwacha kwenye mafuta muda ambao ulinisikitisha.

Alimla wote, mapezi, mkia na kichwa, sahani ikabaki na limao tu. Halafu akaagiza wa pili wa kubeba, vilevile.